Herufi Zilizobaki Chumbani

Binti yangu wa mwisho alipofariki nilifunga chumba chake, ufunguo nikaufunga kwenye pindo la kanga. Sikulia sana. Watu walikuwa wananitazama waone kama nitaanguka, sikuanguka. Nilipika uji wa waombolezaji, nikaosha vikombe, mikeka ya kuazima nikairudisha kwa wenyewe. Nilikuwa kama mtu aliyekalia mguu mpaka ukafa ganzi. Unauona ni wako, unaubonyeza, hausemi kitu.

Chumbani mle kulikuwa na kompyuta yake. Aliinunua kwa mtu aliyeileta kutoka Nairobi kupitia Sirari, miaka ile ya ruksa, vitu vilipoanza kuingia, vya maana na vya ovyo. Sisi tulikuwa tumetoka kwenye miaka ya kupanga foleni ya sabuni, hata daftari la shule lilikuwaga la kubembeleza. Sasa mtoto wangu ana mashine ya kuandika, imefunikwa kitambaa nilichofuma mimi, hapa hapa Kigera. Alikuwaga anachapa barua za watu, kadi za harusi, mitihani ya shule. Akipata nafasi anachapa kitabu cha nyimbo cha akina mama wa kanisa letu.

Nyimbo zenyewe ni za lugha yetu ya nyumbani. Mwalimu wa kwaya alitaka sauti ionekane pale pale kwenye neno, inapopanda na inaposhuka, kwa hiyo mwanangu alitumia herufi zenye vialama juu, alizopewa na mzungu mmoja aliyekuwa anajifunza lugha za huku Mara. Akapanga kila wimbo ukae ukurasa wake, usikatike, maana wengi wetu macho yamechoka, na kugeuza karatasi katikati ya kuimba ni vurugu tupu. Disketi moja alimpa mwenyekiti wa akina mama aitunze. Halafu akaumwa tumbo, tukampeleka hospitali, basi.

Akina mama wakasema kitabu kitoke siku ya kumaliza matanga, tuimbe kutoka kwenye kazi ya mikono yake. Mimi niliitikia. Wakati ule nilikuwa naitikia kila kitu. Mwenyekiti akapanda gari na disketi yake mpaka Bunda, kwenye uchapaji mmoja mdogo, akarudi na karatasi ya majaribio. Alinikuta nachambua dagaa.

"Mama, usishtuke."

"Nimeshashtuka mwaka huu. Lete."

Nilisoma mpaka darasa la nne, na kusoma kwangu ni kwa kidole, lakini hata mimi niliona. Herufi zilikuwa nene kama za kibao cha mashine ya kusaga. Pale penye kialama pamekaa kidirisha kitupu, kingine, kingine. Wimbo umeanza chini ya ukurasa, umekatika, umeendelea nyuma.

"Hao watu wa Bunda wamelewa?"

"Hawajalewa. Wanasema hizo herufi hawana."

"Uchapaji hauna herufi! Basi na kinyozi atakosa wembe."

"Mama, usinigombeze mimi. Hata mimi nilimwambia fundi hivyo hivyo, akanicheka."

Kosa lilikuwa letu. Sisi tulidhani disketi ni kama kapu: ukimpa mtu kapu la samaki furu, umempa na furu. Fundi alimweleza mwenyekiti kuwa sivyo. Disketi imebeba maneno, na imebeba maagizo kwamba neno hili livae herufi fulani. Herufi zenyewe zinabaki kwenye kompyuta aliyotumia mwandishi. Mashine nyingine isipokuwa nazo, inayavalisha maneno nguo zake yenyewe. Tena programu ya Bunda ilikuwa ya zamani kuliko ya mwanangu, kwa hiyo hata ule mpangilio wa kurasa ilikuwa inaubahatisha. Akasema dawa ni moja: leteni kompyuta yenyewe, azichukue herufi humo, na humo zibaki pia.

Hapo ndipo mambo yalipokwama. Kwetu kitu cha marehemu hakitoki nyumbani kabla ya kumaliza matanga. Kikitoka, kimeibwa, hata kama aliyekitoa ni mama mzazi. Na siku ya matanga yenyewe kompyuta ilikuwa na mwenyewe tayari. Mwanangu hakuwa ameolewa, baba yake alitangulia, kwa hiyo mwenye kauli alikuwa shemeji yangu wa Butiama, na shemeji alishasema itakwenda kwa mtoto wake wa Mwanza. Huyo kijana aliniambia kwa mdomo wake kwamba akiichukua ataifuta yote, aanze upya. Sasa hesabu mwenyewe. Kabla ya matanga haitoki, baada ya matanga haina kitu.

Nikaenda Butiama. Shemeji nilimkuta nje anapukuchua mahindi.

"Shemeji, naomba ile kompyuta itoke kidogo."

"Itoke iende wapi? Hata kijiko chake hakijatoka."

"Bunda. Inarudi."

"Na hospitali tulisema anarudi."

Mke wake alisema, "Ee, baba!" kwa sauti ya kumkanya. Mimi nilikuwa natazama kuku anayedonoa mahindi pembeni ya ungo. Nilijua neno lile ni la kuchoma. Nilingoja linichome, halikunichoma. Nikamfukuza kuku.

"Basi isitoke," nikasema. "Fundi aje nyumbani. Anasema anaweza kuzichukua herufi na zikabaki."

"Kitu gani kinachukuliwa halafu kinabaki?"

"Mimi sijui. Ndivyo alivyosema."

"Huyo ni fundi au mganga?"

"Njoo ukae mlangoni ujionee. Akibeba kitu, mkamate."

Akacheka kidogo, kwa pua. Akaja.

Fundi alikuwa mtu mzima mwenye kipara, mpole, amebeba disketi kwenye bahasha. Shemeji aliweka kiti kwenye kizingiti kabisa, kofia juu ya goti, kila anayepita lazima ampitie. Mimi ndiye niliyefungua chumba. Kulikuwa na harufu ya mafuta yake ya nywele. Nilifungua dirisha. Fundi akakiondoa kitambaa juu ya kompyuta, akakikunja vizuri, akanipa. Siku hiyo mgao wa umeme ulituacha, mashine ikanguruma, ikakaa, ikawaka. Akatafuta. Kitabu kikajitokeza kwenye kioo, herufi nyembamba, vialama vimekaa juu kama ndege kwenye waya, kila wimbo na ukurasa wake.

"Amekipanga vizuri," fundi akasema.

Nilidhani hapo ndipo nitakapolia. Nilisema, "Endelea na kazi."

Akazitafuta zile herufi zilikojificha, akazinakili kwenye disketi. Halafu kitabu chenyewe akakihifadhi upya kwa namna ya zamani, ambayo programu yake ya Bunda inaweza kuifungua. Akapitia ukurasa kwa ukurasa kuona kama kuna kilichohama. Shemeji uvumilivu ukamshinda.

"Umeshachukua?"

"Tayari, mzee."

"Hebu nionyeshe kama bado zipo."

Fundi akafungua tena kitabu. Shemeji alisimama, akachungulia kioo, akazunguka nyuma ya mashine akatazama nyaya.

"Zipo," akasema. "Na kwenye kibati chako?"

"Nazo zipo."

"Mh! Ng'ombe nao wangekubali hivi, tusingekuwa na maskini Mara nzima."

Hata mwenyekiti, aliyekuja na fundi na sasa ameegemea ukuta, mikono kifuani, alicheka. Ndipo fundi akaniita.

"Mama, wimbo wa mwisho haujaisha."

Nikasogea. Ubeti wa kwanza ulikuwepo wote. Wa pili ulifika katikati ya mstari, ukaishia hapo, mbele yake kuna kamstari kamesimama, kanawaka, kanazima, kanawaka.

"Haka kanangoja nini?"

"Kanaonyesha mahali pa kuandika. Mama mwenyekiti anaujua wimbo? Naweza kuumalizia hapa hapa."

"Hapa hakuna mtu mwingine wa kuandika," nikasema. "Kaandike Bunda."

"Sawa, mama. Herufi sasa tunazo. Itakuwa ileile, hakuna atakayejua."

Nilimshukuru. Hicho ndicho tulichokuwa tunakitafuta, mashine mbili ziandike sawasawa. Alizima, kamstari kakaenda. Nikafunika, nikafunga chumba. Shemeji alimkagua fundi bahasha yake mlangoni, kwa heshima, lakini alimkagua.

Mwenyekiti alikwenda Bunda, akamtajia fundi beti zilizobaki, akarudi anasema kila kitu kimekaa sawa.

Siku ya matanga ilikuwa na watu wengi. Walikuja wa Bugwema, walikuja wa Kamunyonge, wa Butiama walishachinja tangu asubuhi. Mtoto wa shemeji hakungoja chakula. Vitu vilipogawiwa tu, aliifunga kompyuta kwa kamba kwenye pikapu, akaizungushia godoro, akaondoka. Mimi nilipewa kabati. Vitabu vikafika mchana, vimefungwa kwa karatasi ya kaki, bado vinanuka wino. Akina mama walivigombania kama mkate. Vialama vipo. Wimbo haukatiki. Wakaimba, hata wale wanaojifanyaga wamesahau lugha wakaimba kwa kidole juu ya mstari.

Nilifungua ukurasa wa mwisho. Nilitaka kuona mahali mwanangu alipoachia. Kwenye kioo nilipaona kwa macho yangu, ubeti wa pili, katikati ya mstari, lakini neno lenyewe sikulishika. Mstari upi, wa kwanza au wa tatu? Nikaanza juu, nikashuka na kidole polepole. Herufi zilikuwa zile zile. Unene ule ule, vialama vile vile, nafasi ile ile kati ya neno na neno. Nikarudia. Nilifikiri kidole kitajikwaa mahali. Hakikujikwaa, kilikwenda mpaka mwisho wa wimbo.

Mwenyekiti alikuja akakaa kando yangu, jasho linamtiririka, amefurahi.

"Umeona, mama? Hata mimi niliyemtajia fundi siwezi kuonyesha mwanao aliishia wapi."

"Huwezi," nikamwambia.

"Kazi imekuwa moja!"

"Imekuwa moja."

Walikuwa wanaanza kuurudia wimbo. Nilifunga kitabu nikampa mama mmoja aliyekosa, nikaenda jikoni kuangalia kama ugali wa watu wa Butiama umeshasongwa.