Divai ya Mzee wa Kanisa

Juzi, katika duka moja la Changamwe, mzee wa kanisa aliweka chupa kaunta. Binti muuzaji, mwenye buibui, akaisogeza kwa ncha ya kalamu.

"Shikamoo baba. Pombe yako niifunge gazetini?"

"Marahaba. Hii si pombe, mwanangu. Ni divai, ya meza ya Bwana."

Binti akaigeukia rafu. "Mbona imetoka rafu moja na zile pombe nyingine?"

Mzee akakuna kidevu. Nami niliyesimama foleni nyuma yake nikachanganyikiwa vilevile. Neno divai asili yake ni Kifaransa, na Wafaransa huliagiza baani, bila padri. Kwetu lilitawadha wapi hata likaingia kanisani?

"Basi ifunge," mzee akasema mwishowe. "Mara mbili."