Weupe wa Mlima, Weupe wa Jicho

Kakao inayochachuka ina harufu ya ajabu, tamu na kali kwa wakati mmoja, inayomfanya mtu asiyeizoea akunje pua kisha arudi kunusa tena. Hapa Butembo nikipita mbele ya bohari la wanunuzi wa kakao, miguu yangu hupunguza mwendo yenyewe, nami najikuta nimerudi Mutwanga, chini ya mlima Ruwenzori, katika ua wa mama mkubwa, dada ya mama yangu. Alikuwa na masanduku ya mbao kando ya jiko, amejaza humo punje za kakao zenye ute mweupe na kuzifunika kwa majani ya migomba. Ukiingiza mkono chini ya majani yale ulikuta joto kama la uji uliotoka motoni. Mimi mtoto wa Butembo, niliyekulia katika ukungu na moshi wa mikaratusi, nikilala na sweta hata mwezi wa saba, niliona kila kitu cha kule kuwa kipya. Mapapai yalianguka yenyewe na hakuna aliyeyaokota. Maji ya mto yalikuwa baridi ya kuuma meno ingawa hewa ilikuwa ya moto, na nilipouliza kwa nini, niliambiwa yanatoka juu kwenye weupe. Weupe huo ndio uliotupeleka kule, mimi na Koko, likizo kubwa ile.

Koko ndivyo tulivyomwita bibi, mama yake mama. Alizaliwa upande wa Kasugho, ndani ya msitu, ambako hata jua mtu huliona kwa vipande, na nadhani ndiyo sababu maisha yake yote alikuwa na kiu ya kuona mbali. Wanawake wenzake walipokwenda kuuza maharage Kanyabayonga, waliuza na kurudi. Yeye aliuza, kisha akatembea hadi pale barabara inapoanza kushuka kwenye bonde, akaketi kwenye ukingo kulitazama ziwa lililolala kule chini. Aliwahi kuteremka hadi kwenye maji yanayochemka yenyewe ardhini, akatumbukiza ndizi yake ikaiva, akaila palepale huku akicheka peke yake. Aliwahi pia kufuatana na wafanyabiashara kupita Eringeti mpaka kwenye mapango ya Hoyo, akaona mawe yaliyoning'inia kutoka juu yakidondosha maji, na maporomoko ya mto yanayoshuka kwa ngazi. Hayo yote alitusimulia jioni tukimenya viazi, na mama alikuwa akimtania kwamba watu wengine hutafuta waume, yeye alitafuta maporomoko. Kitu kimoja tu hakuwahi kukiona, nacho ni weupe wa Ruwenzori. Baba yake aliwahi kumwambia, akiwa bado msichana mdogo, kwamba kuna mlima umevaa kitu cheupe ambacho si wingu wala si moshi, na tangu hapo alikuwa akisubiri nafasi.

Nafasi ilichelewa mno. Mwaka ule jicho lake la kushoto lilikuwa limeshafunga, na la kulia lilikuwa likifuata nyuma, na ukimtazama karibu uliona utando mweupe umekaa katikati ya mboni. Muuguzi alisema kuna madaktari wa kuuondoa, lakini wako mbali, na hata hao hawaahidi. Koko alimsikiliza kwa adabu, akatoka nje, akamwambia mama kwamba kabla ya kwenda kwa daktari yeyote atakwenda kwanza Mutwanga. Mama alifoka sana. Alisema huo ni wazimu, mtu anapoteza macho anakimbilia mlima badala ya hospitali. Koko alijibu polepole kwamba daktari anaweza kungoja, jicho haliwezi. Mwishowe mama alichoka kubishana, akanipa mimi kazi ya kumshika mkono, nasi tukapanda gari hadi Beni, kisha pikipiki hadi kwa mama mkubwa.

Mimi nilidhani mlima ungekuwa pale ukitungoja. Loo! Tulikaa siku baada ya siku tukitazama ukuta wa wingu. Ulikuwa msimu wa watu kuchoma mashamba, na hewa ilikuwa nzito, ya kijivu, ikianzia kwenye migomba ya jirani hadi mbinguni. Koko aliamka alfajiri, akaniita, akaniuliza umefunguka au bado. Nilipomwambia bado, alikaa kwenye kigoda akachambua mchele kwa vidole huku masikio yake yakisikiliza watu wa nyumba wanasema nini. Jambo lililomsumbua zaidi aliniambia mimi peke yangu. Jicho lake lilikuwa limejaa weupe tayari, akitazama ukuta anaona weupe, akitazama moto anaona weupe. Basi siku mlima ukifunguka, atajuaje kwamba anachokiona ni cha mlima na si cha jicho lake? Swali lile lilininyima raha hata mimi.

Sasa lazima niseme desturi ya pale. Watu wa ukoo alikoolewa mama mkubwa hawakuuonyesha mlima kwa kidole. Waliamini kwamba mlima una mwenyewe, na mwenyewe hapendi kunyooshewa kidole kama mwizi aliyekamatwa sokoni. Ukimnyooshea, anajifunika blanketi la ukungu majuma mengi, na waliopanda huko wanaweza wasirudi. Kwa hiyo mtu akitaka kuuonyesha hutumia kidevu, au huchongoa midomo kuelekea kule. Watoto wa pale walifundishwa hilo kabla ya kufundishwa kunawa mikono. Mimi nilikanywa siku ya kwanza, kabla hata ya kupewa chai.

Basi asubuhi moja nikasikia vishindo uani, watu wakisema umefunguka. Tulitoka mbio. Nami nikauona kwa mara ya kwanza, juu mno kuliko nilivyotazamia, mahali ambapo nilidhani ni mbinguni tayari. Ulikuwa mweusi chini, na kileleni kumekaa weupe mtulivu. Kila mtu alimwambia Koko tazama, tazama kule, na kila mtu akaonyesha kwa kidevu. Lakini Koko hakuweza kuona kidevu cha mtu! Aliona vivuli tu vya watu waliosimama. Walimwambia juu ya mti wa avoka, naye hakujua mti wa avoka uko wapi. Akageuza uso huku na huku, kisha akatulia, akatabasamu, akasema ni mzuri. Nilifuata macho yake. Alikuwa akitazama moshi uliokuwa ukipanda kutoka jiko la jirani. Kabla sijasema neno wingu lilirudi, na mama mkubwa akanivuta pembeni akaninong'oneza nimwache mzee na furaha yake, ameona alichokiona, turudi Butembo kwa amani.

Ningenyamaza, kwa kuwa nilimwogopa mama mkubwa. Lakini mchana Koko mwenyewe aliniuliza kama mlima huwa unatembea, maana weupe aliouona ulikuwa ukipanda na kujikunja. Nilimwambia kweli. Nilimwambia ulikuwa moshi wa jirani, wanapika maharage. Akaniuliza tena kama nina hakika, kisha akafunika uso kwa kanga akalia bila sauti. Sikuwahi kumwona Koko akilia, hata siku ya kumzika babu. Niliketi karibu naye nikashika pindo la kanga, nikiwa na hasira na kila kidevu cha Mutwanga.

Likizo ikawa inaishia. Mama alituma ujumbe kwamba turudi, shule inakaribia. Siku chache kabla ya kuondoka mvua ya kwanza ya Agosti ilinyesha, mvua ya kelele iliyopiga mabati mchana kutwa na kuosha moshi wote hewani. Ilipokoma jua lilikuwa limeinama nyuma yetu, upande wa Beni. Mama mkubwa alikuwa akigeuza kakao. Niliinua uso nikaona mlima umesimama wote, wazi, karibu kama nyumba ya ng'ambo ya njia. Nilimwita Koko kwa sauti ambayo nadhani Beni waliisikia. Akatoka akipapasa ukuta, akaweka mkono begani mwangu.

"Kahindo, unionyeshe na kidole," akasema.

Mama mkubwa aliacha kakao yake akaja mbio, mikono imejaa ute, akisema hapana, hapana, mutoto atatuletea mambo. Koko hakugeuka kumtazama.

"Mimi ndiye muzee hapa. Kama mwenye mulima atakasirika, akuje kwangu. Hapana kwa mutoto."

Nilinyoosha mkono. Koko aliweka shavu lake juu ya bega langu, akafuata mkono wangu kwa kiganja chake kutoka bega hadi ncha ya kidole, na kutoka pale akaendelea kwa jicho. Alitazama muda mrefu. Pumzi yake ilinipiga shingoni. Kisha akasema kwa huzuni kwamba anaona weupe, lakini ni bwa mulima ao bwa macho, hajui. Hata mama mkubwa sasa alitaka jibu. Tulibaki vile, mkono wangu ukiuma, na jua likazidi kuinama nyuma yetu. Ndipo nikasikia vidole vya Koko vinakaza kwenye kifundo cha mkono wangu.

"Iko nageuka," akasema. "Inakuwa sasa rangi ya papai."

Hakuna aliyekuwa amemwambia. Sisi wenyewe tulikuwa tukimtazama yeye. Tulipoinua macho tuliona kweli kilele kizima kimegeuka rangi ya papai lililoiva, na chini yake mlima ukawa wa zambarau. Koko alicheka, akasema weupe wa jicho lake haujageuka rangi hata siku moja. Mama mkubwa alimkumbatia na ute wake wote wa kakao. Mlima ulibaki wazi mpaka giza likaufunika, na mama mkubwa akajieleza kwamba mwenye mlima hakukasirika kwa sababu ameombwa na mzee mwenzake.

Koko aliishi miaka mingine, macho yote mawili yamefunga, maana daktari alimpata kachelewa. Alikuwa akiwasimulia wageni rangi ile kwa uhakika wa mtu aliyeishika mkononi. Mama mkubwa naye hayuko Mutwanga. Watu wenye silaha walipoanza kuua wakulima mashambani, alikimbilia kwetu Butembo na kuacha kakao yake ikioza mitini. Siku hizi mtu hafungi safari ya kule kabla ya kuwauliza madereva njia imeamkaje.

Mwaka jana njia ilitulia kidogo, nikaenda na binti yangu. Nilitaka aone. Tulibahatika kupita kiasi, mvua ilikuwa imenyesha, hewa safi, mlima wazi tangu asubuhi. Nilimsimamisha binti yangu katika ua ule wa mama mkubwa, naye akatazama, kisha akaniuliza weupe uko wapi. Nilitafuta kwa macho yangu haya mazima. Niliona mwamba mweusi, na mwamba mwingine mweusi, na katikati yao kipande kidogo cheupe ambacho sikuwa na hakika kama ni theluji au ni wingu. Wenyeji wanasema kila mwaka kinapungua. Binti yangu alingoja nimjibu, nami nilisugua macho, nikatazama tena, nikasugua tena.