Usukani Uliokazwa wa Baba Mdogo

Mama mdogo hakuwahi kuliita lile lori lori. Aliliita mke mwenzangu. "Mke mwenzangu leo kalala wapi?" ndiyo ilikuwa salamu yake baba mdogo akirudi safari. Na baba mdogo, mtu asiyejua kubembeleza hata paka, anavua viatu taratibu na kujibu, "Yupo nje hapo, anakusalimia."

Mimi nimekulia nyumba ile, na nusu ya utoto wangu imeishia ndani ya lori lile. Lilibeba mchanga, matofali, mbao, na shule zikifunguliwa likabeba magodoro ya wanafunzi, na sisi juu yake kama wafalme. Mwanzoni lilikuwa bluu. Baadaye likawa na rangi ya chochote kilichobaki kwenye kopo la jirani. Usukani wake mpana kama sinia ulikuwa unacheza, na sisemi kucheza kidogo. Ukiushika unakwenda huku na huku kama jino la mtoto linalotaka kung'oka.

Baba mdogo hakuona tatizo. Tatizo aliliona mkaguzi wa magari, dada mmoja mwenye sauti ya upole, ule upole wa kutisha. Aliutikisa usukani mara moja tu, akashuka.

"Mzee, beringi ya hapa juu imekwisha kabisa. Ukibadilisha urudi, tutalijaribu barabarani. Bila hivyo, lori halitembei tena."

Basi watoto wake, ndugu zangu hao, wakapata walichokuwa wanakitafuta siku nyingi. Wakaja wote, wamevaa vizuri kama wanakuja kuposa. "Baba, umri umeenda. Tuliuze chuma chakavu, upumzike."

"Mkienda kulipima," baba mdogo akasema, "mniweke na mimi juu ya mzani."

Walipoondoka akanipigia simu. Mimi sina ufundi wowote, ila nina sifa moja: nikiambiwa shika hapa, nashika.

Fundi alikuwa kaka yake mama mdogo, mtu aliyeapa kutomsifu shemeji yake mpaka anaingia kaburini. Alipanda, akautikisa usukani, akacheka peke yake.

"Shemeji, hili lori ulikuwa unaliendesha au ulikuwa unaliomba?"

"Fungua nati, acha maneno."

Akang'oa kifuniko cha honi, akafungua nati ya katikati, akatia alama ya rangi nyeupe kwenye usukani na kwenye shafti, mhimili wake, ili vikirudi virudi palepale. Halafu usukani ukagoma kutoka. Tukamwaga mafuta, tukangoja, mimi nikausukuma kwa magoti kutoka nyuma huku fundi anagonga. Ulipotoka, ulitoka na mimi. Nilijikuta nimelala kwenye kiti nimeukumbatia, na hao wazee wawili wanacheka mpaka mmoja anatafuta pa kukaa.

Fundi akamulika ndani ya nguzo ya usukani. Halafu akaanza kuchomoa vitu kwa koleo.

Kumbe beringi ilikuwa imekufa zamani, tangu sisi tuko shule ya msingi. Kila usukani ulipozidi kulegea, baba mdogo alishindilia kitu. Kikatoka kitambaa cha maua, nikakijua: gauni la mama mdogo la siku za sikukuu. Kikafuata kipande cha mkanda wa ngozi. Chini kabisa, kimeganda kwa grisi, kisigino cha ndala ya mtoto, nyekundu.

"Hii ndala," nikasema, "ni yangu."

Baba mdogo akatazama mawingu.

"Baba mdogo, mimi nilichapwa kwa kupoteza hii ndala!"

"Hukuipoteza," akasema. "Ilikuwa kazini."

Mama mdogo akaletewa kile kitambaa dirishani. Alikigeuza, akakinusa. "Na mimi nikamlaumu dobi," akasema. Hakukitupa. Alikikunja akakitia kifuani.

Beringi yenyewe ilitoka vipande vipande, kama karanga. Mpya ya lori la umri ule haipatikani, lakini fundi alipima tundu na shafti, akaenda kwa wauza vyuma, akarudi na beringi ya pampu ya maji iliyolingana sawasawa. Akaipaka grisi, akaigonga polepole kwa kipande cha bomba mpaka ikakaa. Usukani ukarudi kwenye alama yake. Ukatulia. Ukiutikisa, lori zima linatikisika.

Tukarudi kwa mkaguzi vifua mbele. Dada akapanda pembeni ya baba mdogo, mimi nyuma juu ya bodi. Aisee! Lori lilikwenda kama mlevi. Miaka yote ile mikono ya baba mdogo ilizoea kuuzungusha usukani mapema na kwa wingi, ndipo magurudumu yasikie. Sasa yanasikia papo hapo. Yeye anakata kidogo, lori linakwenda mtaroni. Anarudisha, linakwenda ukutani.

"Mzee," dada akasema waliposimama, "lori ni zima. Anayecheza sasa ni wewe. Jifunze upya, urudi."

Kesho yake baba mdogo alikuwa kwenye uwanja wa mpira, anakwenda mstari mmoja kwenda na kurudi, mama mdogo kando yake, na kila mkono ukianza vurugu zake anaupiga kofi. "Tulia! Umemshika mke mwenzangu huyo, na sasa kapona." Watoto wa mtaani wakakaa pembeni kutazama sinema. Aliwaacha watazame. Jioni kwa jioni akarudi, mpaka mama mdogo akawa hana mkono wa kupiga, akasinzia.

Siku ya mkaguzi baba mdogo alinyooka kama uzi. Dada akampa mkono, akampa cheti.

Tulipotoka getini baba mdogo akasimamisha lori, akazima. Mimi nikadhani kuna kitu kimelegea.

"Shuka, zunguka upande huu," akasema. "Endesha wewe. Mimi basi."

"Basi nini? Si umeshinda?"

"Ndiyo maana. Mtu mzima anaacha mwenyewe. Haachishwi ziwa kama mtoto." Akasogea upande wa pili, akatoa kiwiko dirishani kama bosi wa mchanga. "Na usipite njia fupi. Pita mbele ya nyumba ya yule mwanangu mkubwa, taratibu. Honi upige."