Mjerumani Ambaye Hakuacha Mtoto

Mimi ni mwalimu wa hesabu mjini Garissa, na nina ugonjwa mmoja ambao wenzangu wote wanaujua: sipendi kusahihishwa. Mwanafunzi akinionyesha kosa ubaoni, nalifuta haraka na kudai nilikuwa namjaribu. Hilo wamelizoea, na nikishatoka darasani wanacheka. Lakini nililolifanya mwaka huu katika ukumbi wa mikutano hawalijui, na kila nikilikumbuka uso unanichoma.

Ulikuwa mjadala wa Kiswahili wa shule za sekondari, na timu itakayoshinda ilikuwa iende Nairobi. Mimi ndiye niliyekuwa mwamuzi mkuu, na hoja niliipendekeza mwenyewe: Mfaransa ndiye aliyevumbua mashine ya kwanza ya kuhesabu. Wavulana wa shule moja ya hapa mjini waliunga mkono. Wasichana wawili kutoka Banissa walipinga, wakamtetea Mjerumani. Walikuwa wamesafiri siku mbili, na vumbi la njia lilikuwa bado kwenye viatu vyao.

Habari za Mfaransa huyo nimezifundisha miaka mingi: kijana aliyeunda kisanduku cha magurudumu ili kumpunguzia kazi baba yake, aliyekuwa afisa wa kodi. Napenda kuisimulia, na wanafunzi wangu wa zamani huniita kwa jina la utani la Mfaransa. Asubuhi ya mjadala nilifungua simu nitafute neno la kupamba hotuba yangu. Nikakuta kwamba Mjerumani mmoja alikuwa ameunda mashine yake karibu miaka ishirini kabla. Mashine moja iliteketea kwa moto kabla haijakamilika, nyingine ikapotea, na kilichobaki ni barua zenye michoro. Wajerumani wakaja kuiunda upya kwa kufuata michoro hiyo, wakatamba. Wafaransa wakajibu kwamba barua si mashine, na kwamba cha kwao kipo, ukitaka nenda ukakitazame. Wamebishana hivyo hivyo hadi leo.

Nikazima simu, nikavaa koti. Nataka ieleweke kwamba nilijua.

Ukumbi ulijaa. Watu wetu hawakuwa na shida na Ufaransa wala Ujerumani, lakini ugomvi wa nani alitangulia wanaufahamu kuliko mtu yeyote. Kwetu Tarbaj koo mbili zinabishana kuhusu aliyechimba kisima kimoja tangu kabla sijazaliwa. Basi haikuchukua muda wazee wa safu ya mbele wakawa wamegawanyika, hawa Wafaransa, hawa Wajerumani, na mmoja akamuuliza jirani yake kwa sauti, "Kwani huyo Mjerumani ni ukoo gani?"

Wavulana walisema vizuri, kwa mbwembwe, na karibu yote yalitoka katika daftari langu la masomo, ambalo limenakiliwa mji mzima. Kisha akasimama msichana wa kwanza wa Banissa. Alikuwa mwembamba, sauti yake ndogo, z ikimtoka s na p ikimtoka b kama wengi wetu Wasomali, na hakutazama karatasi hata mara moja.

"Kitu ikiungua, si kusema haikukuwa," alisema. "Barua iko. Mchoro iko. Miaka iko. Mtu akikufa, hatusemi hakusaliwa."

Waamuzi wenzangu wawili walikuwa wameandika alama za juu, niliziona. Mmoja akaninong'oneza, "Huyu amemaliza kazi." Nikasikia hasira ya kijinga ikinipanda, hasira ya mtu anayejua kwamba mwenzake ana haki.

Nikasimama kutoa maoni. Sisi Wasomali mtoto hufundishwa abtirsi tangu akiwa mdogo, yaani kuwataja mababu zake mmoja baada ya mwingine, kutoka kwa baba yake hadi kwa mwanzilishi wa ukoo. Orodha hiyo hupita kwa wanaume. Aliyekufa bila mtoto wa kiume huachwa, kwa kuwa hakuna mjukuu atakayepitia kwake. Nilijua mzaha huo ungeeleweka mara moja.

"Tuwe wakweli," nikasema. "Mashine ya Mfaransa ilizaa mashine nyingine. Ya Mjerumani iliungua, haikuzaa. Kwetu mtu akihesabu mababu, yule ambaye hakuacha mtoto anamruka. Sasa huyu Mjerumani tumhesabu kupitia kwa nani?"

Ukumbi ulilipuka. Wazee walipiga mapaja yao, wavulana wakashangilia, na hata waamuzi wenzangu wakacheka. Nilifurahi. Naona haya kuandika hivyo, lakini nilifurahi sana.

Msichana alikuwa hajaketi. Alisubiri kelele zipungue, akaniuliza, "Na yule ameacha binti beke yake?"

Watu wakacheka tena, wakidhani anajibu mzaha kwa mzaha. Mimi nilimwona uso wake na nikajua hatanii. Nikagonga kengele, nikasema muda umekwisha. Wenzangu walipunguza alama zao bila mimi kuwaambia, na wavulana wakapata Nairobi.

Nje, karibu na mlango, mwalimu wao alinisalimu kwa adabu zote. Nikamsifia yule msichana, maana nilikuwa nimeshashinda na ningeweza kuwa mkarimu. Akaniambia kwamba baba wa msichana huyo alikuwa dereva wa lori na alifariki mwaka uliopita. Hakuacha mtoto mwingine. Kwenye matanga ndugu za marehemu walikuwa wameanza kusema, mbele yake, kwamba jina lile limefika mwisho. "Alichagua upande wa Mjerumani mwenyewe," akasema. "Mimi nilitaka wamtetee Mfaransa, ni rahisi."

Nilisema Mungu amrehemu.

Nilikaa wiki tatu. Nilianza kumfundisha Mjerumani darasani kimyakimya, bila kueleza kwa nini, nikijidanganya kwamba hiyo ni toba. Mwishowe nikaomba namba ya shule yao, nikapiga, nikangoja hadi yule msichana akaletwa kwenye simu. Nikamwambia nimekuja kugundua kwamba alikuwa sahihi.

"Adeer," akasema, neno ambalo mtoto humwita ndugu wa baba yake, "umegundua lini?"

Ningeweza kusema jana. Nikasema, "Asubuhi ile. Kabla ya mjadala."

Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio, nimejiandaa kwa matusi pia, na nilikuwa na maneno ya kutuliza yaliyo tayari kwa yote mawili.

"Nairobi si kitu," akasema. "Imeisha hiyo. Lakini wale watu walicheka, wako hapo Garissa. Wewe unawajua. Waite, uwaambie fenye umeniambia mimi."

Niliwafikiria wazee wa safu ya mbele, na wanafunzi wangu wa zamani, na jina lile la utani. Simu ilikuwa safi kabisa. Nilisikia kengele ya shule yao ikilia, na watoto wakikimbia.

"Hallo?" nikasema. "Hallo? Mtandao unasumbua, sikusikii." Nikakata.