Bwana Pampu na Meza ya Nne

Wanafunzi wa udaktari walimwita Bwana Pampu, naye hakununa, maana ndiyo kazi yake hasa. Chuo kilitafuta njia imara zaidi ya kushona ngiri, pale ukuta wa tumbo unapolegea na utumbo ukajisukuma nje chini ya ngozi. Walijaribia kwenye miili ya watu waliojitolea kabla ya kufa. Madaktari wakishaziba tundu kwa kipande cha wavu, yeye huingiza puto tumboni, hulijaza hewa kwa pampu ya mkono na kutaja namba za mshale wa kipimo cha pampu mpaka mshono uachie. Namba ya mwisho ndiyo iliyoandikwa. Miaka kumi na mmoja hakuwahi kuuonea mshono huruma.

Mkewe alipata ngiri palepale alipopasuliwa kumzaa binti yao. Kila alipopewa tarehe ya kushonwa, iliahirishwa. Akawa anajifunga kitambaa tumboni, akitania kwamba amebeba mimba iliyogoma kuzaliwa. Moyo ulipoanza kumsumbua, akaweka sahihi kwamba akifa, mwili wake uende chuoni.

"Huko hakuna foleni," alimwambia mumewe. "Wakishanishona, we niangalizie tu kama pameshika."

Moyo ukamuua kabla hajashonwa. Sheria ya chuo ilisema mwenye ndugu mezani asiingie chumbani. Bwana Pampu akauchuna, hakumwambia mtu, apate kuwa karibu naye. Lakini alichowaza ni kushonwa tu. Pampu, aliyoishika kila siku ya Mungu, haikumjia akilini.

Asubuhi ya kushonwa, mkewe alilala meza ya nne, uso umefunikwa. Daktari mkuu, mama mmoja mpole, alishona taratibu, kisha akasema, "Haya mzee, kazi kwako." Mwanafunzi mmoja akamtania kwamba leo atatoka jasho.

Akapampu. Akataja namba. Ngozi ikainuka, ikawa duara kama ile mimba ya mzaha. Mkono ukagoma.

"Endelea, bado haujaachia."

"Siwezi, daktari. Huyu ni mke wangu."

Daktari hakumkaripia. Akamweleza kwa sauti ya chini kwamba wakiishia hapo, meza ya nne itafutwa daftarini, na mama atakuwa amejitolea bure. Mwingine akimalizia, atahesabiwa.

Bwana Pampu akamkabidhi pampu yule mwanafunzi mtani, akaenda kuushika mkono wa mkewe uliokuwa baridi. Namba zikatajwa na sauti ngeni. Zilipita zote alizowahi kuzisoma yeye. Kisha akausikia wavu ukichanika.

Jioni binti yake alimkuta ameketi kizingitini, viatu vya kazini bado miguuni.

"Baba, mama walimshona? Pameshika?"

"Pameshika, mwanangu. Kuliko wote."

Katika maisha yake ya kusoma mshale, hicho ndicho kipimo pekee alichokitaja nusu.