Dawa ya Kupaka Mabegani

Mke wangu, binti wa Butiama, alikuwaga mtu wa kuimba akiwa kwenye cherehani. Tangu awekewe kijiti cha uzazi wa mpango mkononi, nyumba ikawa kimya. Damu haikati, kichwa kinamgonga, akisimama anashika ukuta. Sindano nayo ilishamkataa zamani. Na mtoto wa pili tulitaka asubiri: mimi ni fundi wa kujenga, nyumba yetu kule Bweri imeishia kwenye lenta, juu ya madirisha, haina paa, ingawa kichwani mwangu nilishaipaka mpaka rangi.

Ndipo nikasikia redioni kwamba huko nje wanajaribu dawa ya homoni ya wanaume. Mwanaume anajipaka mabegani kila siku, mbegu zinapungua, akiacha, zinarudi. Nilifurahi kama vile imeshafika duka la dawa hapa Nyasho.

Jumamosi tulikuwa Bunda, nyumbani kwa baba yangu, kijijini Mugeta. Wakati wa chakula nikasema wazi: dawa hiyo ikipatikana naitumia mimi, mwenzangu apumzike. Nilichagua siku mbaya. Asubuhi ile baba alikuwa amehasi kwa koleo dume la ng'ombe la kuvuta plau.

"Koleo bado liko zizini," kaka yangu akasema. "Nikuletee?"

Wakacheka mpaka mama akashindwa kumega ugali. Nikaeleza kwamba hii haihasi mtu, ukiacha unarudi kawaida. Baba akaniuliza ni maksai gani niliwahi kumwona akirudi kuwa dume. Mke wangu alikuwa amejilaza chumbani, anasikia yote.

Jumatatu tukaenda kliniki Musoma. Nesi hakunicheka, na hilo liliniuma zaidi.

"Kaka yangu, hiyo bado wanaipima. Kwa mwanaume hapa nina kondomu, au kufunga kabisa."

Kufunga kabisa sitaki, tuna mtoto mmoja tu. Nikauliza itakuja lini. Akasema hata yeye angependa kujua. Ukutani picha za njia za wanawake zilijaa mpaka chini. Za kwetu zilitoshea kwenye kona.

Kijiti kikatolewa. Tukarudi na bandeji na boksi la kondomu. Sasa ameanza tena kuimba, ila siku zake zikichelewa kidogo tu, anaacha, na mimi sili.

Asubuhi nikijipaka mafuta ya mgando kabla ya kwenda saiti, ananitazama.

"Baba watoto, dawa umepaka?"

Nacheka. Halafu nafunga kopo kwa nguvu kuliko inavyotakiwa.