Makaa Niliyorusha Kando ya Kafubu

Juzi nilishuka na mjukuu wangu hadi mto Kafubu, nikamwonyesha mahali palipokuwa kijiji chetu. "Kambo, hapa hakuna kitu," akaniambia, kama wajukuu wa kwetu wanavyotuita. Kweli, palikuwa na nyasi na chupa za plastiki. Lakini wewe keti, nikueleze palikuwa na nini.

Palikuwa na msitu wa miombo, mnene hata mchana tulitembea kivulini mpaka mtoni. Mvua zikikolea tuliokota vinkubala, wale viwavi watamu, kwenye majani. Bibi alitega kambale kwa uzio wa matete, akawakausha juu ya makaa, nami kazi yangu ilikuwa kuwageuza bila kuunguza vidole. Baba alikatia kampuni miti: nguzo za migodini, mataruma ya reli. Kila kiangazi shoka lake lilisikika mbali zaidi, maana miti ya karibu ilikuwa imekwisha. Mvua zikaanza kuteremsha udongo mwekundu mtoni, kambale wakapungua. Halafu tukaambiwa bonde lote kapewa mzungu mmoja alifanye shamba, sisi tuhamie kambi ya wafanyakazi huko mjini Élisabethville. Wakubwa wetu walikataa mara mbili.

Mara ya tatu walikuja polisi, asubuhi, samaki wakiwa juu ya makaa. Mmoja wao bibi alimfahamu. Alizoea kupita kwetu kula bukari, ugali wetu.

"Mama, toka," akasema, debe la petroli mkononi. "Leo njo mwisho."

"Ulikulaka samaki yangu hapa. Sasa unakuja kuchoma nyumba yangu?"

"Ni kazi, mama. Niko na batoto."

"Na huyu mutoto, atalala fasi gani?" Bibi alinishika bega.

Yule polisi akampita. Akamwagia paa petroli. Bibi akamrukia na mpini wa jembe, akampiga shingoni. Yeye akageuza bunduki, akamvunja mkono kwa kitako. Nilisikia mfupa ukikatika kama kuni kavu. Sikufikiri. Nilichota makaa kwa kigae, nikamrushia usoni.

Ukelele wake sijausahau. Wenzake walikuwa wameshatia moto paa, na baba alikuwa anatoka mbio msituni, shoka mkononi. Mkubwa wao akauliza nani kafanya vile. Baba akatupa shoka chini.

"Ni miye. Njo miye nilimutupia moto."

Majirani walikuwa wameniona. Hakuna aliyesema. Yule polisi, kiganja juu ya jicho, alinitazama kwa jicho lile lingine. Naye akanyamaza.

Walimlaza baba chini, wakamchapa kiboko mpaka kaptula yake ikaloa damu, wakamfunga kamba. Sisi tulitembea hadi kambini, bibi amebeba mkono wake kama mtoto mchanga.

Baba alitoka gerezani baada ya misimu miwili ya mvua. Akarudi kukata miti, sasa mbali mno, akiondoka kwa treni Jumatatu na kurudi Jumamosi. Hakuniuliza kitu, wala hakunilaumu. Mkono wa bibi uliunga kombo. Hakutega samaki tena.

Wote wamekwenda, na ule msitu, na vinkubala wake, na harufu ya kambale asubuhi. Watoto wangu humsifu babu yao kwa siku aliyomchoma polisi. Nami nimewaacha wamsifu, kwa kuwa alistahili, ingawa moto ule ulikuwa wangu.